Mstari wa Hamsini na Nane

Mwezi uliopita, kwenye msiba wa Mama Ntandu kule upande wa Mtinko, nilimnyima mzee shikamoo. Sijawahi kufanya hivyo tangu nipate akili. Faustini Kidanga aliletwa na wajukuu zake wawili, kashika mkongojo, akakaa kiti cha mbele chini ya turubai kama mtu wa nyumbani, na wanawake tuliokuwa tunachambua mchele tukaanza kunyanyuka mmoja mmoja kwenda kumwamkia. Zamu yangu ilipofika nikabaki nimesimama namtazama. Akanyoosha mkono, sikuupokea. "Wewe nani vile?" akauliza. Nikamwambia, "Mimi Salome, niliyekuwa nakuchapia ofisini." Akautazama mkono wangu wa kushoto, ule uliopinda kuanzia kiwiko, akageuza uso akaomba maji ya kunywa. Nyuma yangu dada mmoja akanong'ona kwamba mjini kumeniharibu, na mwingine akamjibu, "Mwache, ana yake huyo." Ninayo kweli. Nimekaa nayo karibu miaka thelathini, na sasa mama yule aliyekuwa anaijua yote pamoja nami amefukiwa, naona nikinyamaza itabaki hadithi ya Faustini peke yake. Mimi nimeishia darasa la saba. Msinitegemee niandike vizuri. Lakini majina nitayataja.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu cha umma kinatafutiwa mnunuzi. Shamba la ushirika la Mkwajuni, ambalo watu waliwahi kulilima pamoja kwa jembe la mkono mpaka likawashinda, lilikuwa limepata mtu wa kulima alizeti. Sharti lilikuwa moja. Wenyeji wa Mkwajuni wangekatiwa viwanja na kubaki, na wageni, yaani wale waliohamia baada ya vijiji kupangwa, wangeondoka. Ili kujua nani ni nani ikafunguliwa ofisi mjini Singida, kwenye chumba cha nyuma cha lililokuwa ghala la ushirika. Nakikumbuka chumba kile kuliko chumba nilichojifungulia. Harufu ya ufuta wa zamani haikuwahi kutoka ukutani. Meza moja ilikuwa ya Faustini, mkuu wa ofisi, na droo yenye kufuli alimoweka muhuri. Meza ya pili ilikuwa ya kompyuta, na kompyuta ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi harusi. Kioo chake kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani. Hakukuwa na picha wala kitu cha kugusa kiooni kwa kidole. Unaandika amri, unagonga kitufe, na yenyewe inatii au inakutukana kwa Kiingereza.

Aliyenifundisha alikuwa Erasto, fundi aliyetumwa kutoka Dar es Salaam, kijana mwembamba asiyekula mlenda. Alikaa wiki mbili. Mimi nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na cheti cha kupiga chapa cha wamisionari, na vidole vyangu vilikwenda kasi kuliko kichwa. Erasto alinionyesha jinsi ya kuandika faili la maandishi, kila kaya mstari mmoja: jina la mkuu wa kaya, kitongoji, idadi ya watu, na mwisho kabisa hali yake, MWENYEJI au MGENI, vyote vikitenganishwa kwa mkato. Halafu akanionyesha amri ya kuchambua. Nilikuwa nayo kwenye karatasi ya paketi ya sigara, nikaikariri kama sala: find /n "MGENI" wakazi.txt > orodha.txt. Akanieleza polepole. Neno la kwanza linasema tafuta. Ile n inasema kila mstari ukiuona upe namba yake. Kwenye alama za kunukuu unaweka unachotafuta. Na ule mdomo uliofunguka mwishoni unamwaga vyote kwenye faili jipya. "Hata mistari elfu, Salome," akasema, "inaisoma kabla hujapiga chafya." Nikamuuliza inajuaje huyu ni mgeni. Akacheka. "Haijui mtu hiyo. Inajua herufi tu. Ukiiambia mavi itakuletea mavi." Faustini akasema lugha gani hiyo mbele ya binti. Mimi nilicheka mpaka nikaziba mdomo. Siku hizi mwanangu anatafuta kitu kwenye simu, akikosea herufi simu inamuuliza, ulimaanisha hivi? Yetu haikuuliza.

Kuandikisha watu nilikwenda mwenyewe Mkwajuni na daftari kubwa, nikakaa wiki tatu nyumbani kwa Mzee Mghenyi Hango na mkewe Mama Ntandu. Ilikuwa tembe ya zamani, paa la udongo, ndani kuna giza la ubaridi hata jua likiwaka namna gani. Nililala chumba kimoja na vihenge vya mtama na kuku wanaoatamia. Asubuhi uji wa uwele, mchana ugali na mlenda wenye karanga, jioni maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Mama Ntandu alikuwa na tabia ya kunisukumia mnofu kwa kisigino cha mkono bila kunitazama, kana kwamba umeanguka upande wangu kwa bahati mbaya. Mzee alikuwa mtani. Siku ninamwandika, alikaa kwenye kigoda, akanyoosha mgongo kama anapigwa picha. "Andika Mghenyi. Siku naanguka kutoka tumboni nyumba ilikuwa imejaa wageni, baba akasema basi na huyu ni mghenyi. Kwa hiyo mimi ni mgeni niliyezaliwa hapa hapa, pale kwenye ule mlango." Mkewe akadakia kutoka jikoni, "Mgeni gani, kula yako ya mwenyeji!" Tukacheka wote. Katika daftari nikaandika Mghenyi, kama nilivyosikia.

Sasa sikilizeni nilichofanya. Darasa la nne mwalimu wetu alinichapa viboko vinne vya mkononi kwa kuandika jina la rafiki yangu kwa gh. Alisema hicho ni kilugha, shuleni tunaandika Kiswahili. Nikaingia ofisini na viboko vile mkononi. Nilipokaa mbele ya kioo kuchapa daftari lote, hakuna aliyenisimamia wala kunishurutisha, nikasafisha majina. Nilijiona msomi. Kaya tano za Mkwajuni wakuu wake waliitwa Mghenyi, na majina yao yote matano nikayachapa MGENI. MGENI HANGO, MKWAJUNI JUU, WATU SITA, MWENYEJI. Nikaendelea na mstari unaofuata.

Orodha ilitolewa Jumatatu. Erasto alikuwa keshaondoka. Nikaandika amri, printa ikalia kama cherehani iliyokatika mkanda, karatasi ndefu ikashuka. Juu kabisa mashine ile ilikuwa na kawaida ya kuweka vistari vingi na jina la faili, na Faustini alivipenda sana vistari vile, alisema vinaonyesha ni kitu cha serikali. Akafungua droo, akagonga muhuri wa zambarau juu yake, palepale kwenye vistari. Dereva alikuwa anangoja nje aipeleke. Mimi nilibaki na nakala ya kaboni, nikaisoma nikiwa nakula mhogo wa kuchemsha, na nilipofika mstari wenye namba hamsini na nane nikauweka mhogo chini. Niliona MGENI HANGO. Nikaona na mwisho wa mstari, MWENYEJI, umeandikwa wazi kwa yeyote atakayesoma mpaka mwisho. Mashine ilikuwa imefanya nilichoiambia. Iliona herufi.

Nilimfuata Faustini mezani nikamweleza. Alikuwa anakata kucha. "Mashine haina undugu na mtu," akasema. "Imesoma, imetoa. Wewe ulilala kwa huyo mzee, umekula kuku wake, sasa unataka kumchomoa." Nikamwambia jina lake limekaa vibaya, ni mimi nimekosea kuandika. Akaacha kukata kucha. "Kwa hiyo orodha niliyogonga muhuri ina makosa? Sema, Salome. Mimi nimepeleka kwa wakubwa kitu chenye makosa?" Aliuliza kwa upole kabisa. Hapo ndipo nilipojua kwamba aliuelewa mstari ule vizuri kama mimi, na kwamba hataki kuuona. Faustini Kidanga alijua siku ya Jumatatu. Watu waliuawa Alhamisi. Alikuwa na siku tatu, gari na muhuri.

Kesho yake, alipotoka kwenda chai, nilikaa kwenye kompyuta nikafikiri kwa akili yangu ndogo. Jina liko mwanzo wa mstari. Hali iko mwisho, na kabla yake kuna mkato na nafasi. Basi nikaweka mkato na nafasi ndani ya alama za kunukuu, mbele ya neno: ", MGENI". Nikagonga. Orodha ikashuka fupi zaidi, na wale watano hawamo. Nilikaa mbele ya kioo kile nikilia kwa furaha, mjinga mimi, kwa ajili ya mkato mmoja. Na nikiwa mkweli niseme pia hili: wale waliobaki kwenye orodha yangu nzuri hawakuniliza. Walikuwa wafugaji na wakulima waliokuja na watoto wao, wengine wamezika pale. Niliwaona ni wageni halali. Niliwachambua vizuri.

Faustini hakuigonga muhuri. Hakunitazama hata usoni. Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kusoma majina kijijini, na alfajiri nikaazima baiskeli, nikaikunja karatasi yangu kifuani, nikapiga pedali kwenda Mkwajuni. Kufika ni kama saa nne. Watu walikuwa wamekusanywa uwanjani mbele ya ghala la kijiji, wanawake upande huu, wanaume upande ule, na sungusungu wamewazunguka na fimbo, mapanga na pinde. Kiongozi wao alikuwa Jumanne Sakilu, wote walimwita Kamanda, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa, aliyewahi kula kwa Mzee Mghenyi mbele ya macho yangu na kulamba vidole. Ndugu yake alikuwa anakitamani kiwanja cha Mzee kwa sababu ya kisima. Hilo nalo lilijulikana. Mtendaji wa kijiji, Elieza, ndiye aliyetakiwa kusoma majina, lakini asubuhi ile alituma ujumbe kwamba amelala na malaria. Elieza alikuwa mzima. Nilimwona jioni yake anachunga ndama wake.

"Karibu, msomi," Kamanda akaniambia. "Mungu amekuleta. Sisi hapa herufi hatuzijui." Nikatoa karatasi yangu, nikamwambia hii ndiyo sahihi, ile aliyonayo ina watu watano wasiostahili. Akaziweka mbili zote juu ya pipa lililosimama pale, bega kwa bega, akazitazama kama mtu anayechagua ng'ombe. "Hii ina muhuri," akasema. "Hii yako ina nini?" Akaigusa. Ilikuwa imelowa kifuani kwangu njia nzima. "Ina jasho." Vijana wake wakacheka. Akaichana, akanipa ile yenye muhuri. "Soma."

Nikasema sisomi. Kijana mmoja akanipiga kofi la sikio nikaona nyota mchana, na Kamanda akasema tena, bila kelele, soma binti, tusikae juani. Nikasoma. Mstari wa tatu. Mstari wa tisa. Kila nilipotaja namba na jina, sungusungu waliingia kwenye kundi wakamvuta mtu, wengine wakaenda nyumbani kwake na kijinga cha moto. Namba kumi na nne alikuwa mfugaji aliyekataa kuachia fimbo yake ya kuchungia. Walimpiga kwa bapa la panga mgongoni mpaka akapiga magoti, halafu mmoja akageuza panga. Mkewe hakupiga kelele. Alitoa kanga begani, akaikunja, akaikandamiza pale shingoni kama mtu anayeziba chungu kinachovuja, na damu ikaendelea kupita katikati ya vidole. Nikaambiwa soma. Upande wa bondeni mapaa ya nyasi yalikuwa yanaondoka moja baada ya jingine, na mbuzi waliosahauliwa zizini walilia kwa sauti ambayo mpaka leo nikiisikia sokoni nashika kitu. Nilisoma. Sauti yangu ilikuwa safi, ya kupiga chapa, haikutetemeka, na hilo nalo sijajisamehe.

Nilipofika hamsini na nane, nikairuka. Nikasoma sitini na tatu. Namba za orodha ile zilikuwa zinaruka zenyewe, kwa sababu ni namba za mistari ya faili kubwa, kwa hiyo nilijua hakuna atakayeshtuka. Kamanda akanyoosha mkono. "Ngoja." Akaja nyuma yangu, akaweka kidole gumba kwenye karatasi. Kumbe muda wote alikuwa anafuata. "Herufi sizijui," akasema. "Namba nazijua, nilikuwa napokea magunia kwenye hili ghala. Hapa pana tano na nane. Hukuitaja." Nikasema hiyo haisomeki vizuri. "Soma." Nikanyamaza. Akaninyoosha mkono wa kushoto juu ya ukingo wa pipa, kwa utaratibu kabisa, kama anayepanga kuni. "Soma." Nikanyamaza. Fimbo ya kwanza ilitua juu ya kiwiko. Ya pili niliisikia kabla sijaihisi, mlio wa bua la mtama likivunjwa gotini. Nikapiga ukelele, "Mwisho imeandikwa mwenyeji! Mwisho wa mstari imeandikwa mwenyeji!"

"Na mwanzo?" Kamanda akauliza.

Akaigonga karatasi kwa kidole gumba.

"Mwanzo imeandikwa nini, msomi?"

Mzee Mghenyi akatoka kwenye kundi la wanaume. Alikuwa amevaa koti lake la kwendea mjini. "Mwacheni mtoto wa watu," akasema. "Namba hiyo ni mimi. Na wewe Jumanne unanijua, mimi ndiye niliyekufundisha kukamua." Kamanda akatazama chini. "Nakujua, Mzee. Karatasi haikujui." Wakamwambia akatoe vitu vyake. Akasema hana vitu vya kutoa, kazaliwa pale kwenye ule mlango. Akatembea mpaka kwake, sisi tukimwona, akaketi kizingitini, miguu nje. Walimpiga akiwa ameketi. Jumanne Sakilu ndiye aliyepiga la kichwani, kwa rungu. Sikuambiwa na mtu, nimeona. Halafu wakazibomoa nguzo, na paa la udongo la tembe ile, zito kama kilima, likamshukia. Mama Ntandu alichimba kwa mikono na kwa ungo. Alipomfikia alikuwa bado anahema, na alihema kwenye mkokoteni wa punda mpaka karibu na zahanati. Wengine wanne wenye jina lake niliwataja mmoja mmoja mchana ule, kwa sababu mkono wa pili sikuwa na ujasiri wa kuutoa. Waliishi, bila nyumba. Mmoja wao tulikutana msibani mwezi uliopita, akanisalimia vizuri tu, na sikuweza kula pilau mbele yake.

Polisi walikuja baada ya wiki. Faustini aliwaonyesha orodha, akawaambia kazi ya ofisi ilikuwa kuandika tu. Kamanda akawaambia yeye hajui kusoma, alitekeleza alichosomewa. Elieza alikuwa na malaria. Kwa hiyo walipouliza watu wa Mkwajuni nani aliyekuwa anataja majina, wote walijibu jambo moja, na walikuwa wanasema kweli: yule binti wa kutoka mjini. Nilikamatwa hospitalini, na plasta mkononi. Mahabusu nilikaa miezi miwili, nikilala ubavu mmoja, nikichambua kichwani faili lile mstari kwa mstari. Faustini alinitembelea mara moja. Alileta maandazi. Aliniambia nikisema nilikosea jina kwa bahati mbaya, yatakwisha, msichana wa darasa la saba, nani atamfunga. Nilitaka kukubali. Nilikuwa na njaa na aibu, na ilikuwa kweli nusu.

Kabla sijakubali, akaletwa Mama Ntandu. Alikuwa amenyoa nywele. Aliketi kwenye benchi la kituo mbele ya mpelelezi, afande mnene aliyekuwa ameshachoka na kesi ile, na mimi nikasimamishwa ukutani anitambue. Nilijua ana haki ya kunimaliza. Nilikula kwake wiki tatu, nikaenda kumwandika mumewe vibaya, nikaja na baiskeli kumsomea kifo. Nilitazama miguu yake, bado ilikuwa na michubuko ya udongo wa paa.

"Mama, ndiye huyu aliyekuwa anasoma?" afande akauliza.

"Ndiye."

"Alisoma majina yote?"

"Alisoma mengi. Alipofika kwa mume wangu akanyamaza."

Afande akaandika, akasimamisha kalamu. "Alinyamaza kwa muda gani?"

Mama Ntandu akafikiri. Alikuwa mtu wa kujibu alichoulizwa.

"Mpaka mkono ulipovunjika," akasema. "Andika hivyo, afande. Usipunguze neno."